Damu ya Mlima

Kule juu mgodini hakuna mbu. Baridi haiwaruhusu. Mbu tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, mfupi, amevaa koti jeupe juu ya sweta mbili, na mbu huyo alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kupima damu kwenye zahanati ya mgodi. Kila mfanyakazi, awe bosi awe mfagiaji, ilikuwa lazima apite kwake kila baada ya miezi sita akachomwe kidole. Ndipo walipomwita Mbu, na jina likamganda. Hata barua zake zilikuwa zinafika zimeandikwa Mbu, Zahanati.

Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa na mdomo mkali na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Wanaume wenye misuli kama magunia walikuwa wakiona sindano wanageuza uso ukutani, naye anawaambia, "Wee, baruti unalipua, tone moja la damu unataka kulia? Nikuitie mama yako?" Akimaliza anakufuta kwa pamba, anakupa kikombe cha maji, na hutoki mlangoni mpaka umekimaliza. Mimi nilikuwa namtania kwamba kaka aliolewa, hakuoa. Shemeji na shemeji, mnajua wenyewe.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, dirisha moja, meza moja, na mashine ya kuzungusha damu. Damu inaingia kwenye kijimrija chembamba kama sindano ya kushonea, kinazibwa chini kwa udongo laini, kinalazwa ndani ya mashine, kinazungushwa dakika tano. Kikitoka, nyekundu imekaa chini na maji ya manjano yamebaki juu. Halafu anakilaza kwenye kibao chenye mistari, anasoma nyekundu imefika namba ngapi katika mia. Watu wa bondeni wanafika arobaini na kitu. Kibao kilikuwa na mstari uliochapwa kiwandani kwenye hamsini na nne. Ukiuvuka huo, una tatizo.

Sasa kule juu, nani hajauvuka? Hewa ya mlimani ni nyepesi, na shemeji alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wageni. Alisema, mwili ukiona hewa ni haba, unaajiri wabebaji. Zile chembe nyekundu ndizo wabebaji wa hewa. Unaajiri, unaajiri, mpaka njia inajaa watu na hakuna anayepita. Damu inakuwa nzito, inatembea kwa kujivuta. Ukiikausha kwa kutokunywa maji na ukaikalisha mahali pamoja kwenye baridi, inaganda. Alikuwa anasema hivyo kila siku, kwa kila mgeni, na wageni walikuwa wanaitikia huku wakitazama saa.

Kwa vile karibu wote tulikuwa juu ya ule mstari, mpimaji aliyemtangulia alichora mwingine kwa penseli, kwenye sitini. Akauita mstari wa huku. Miaka ikapita, watu wakazidi kuuvuka, ukasogezwa sitini na tatu. Shemeji alipofika akaukuta hapo, na baadaye, kwa kukubaliana na daktari, akausogeza sitini na tano. Aliye chini ya penseli, daktari anasaini, anaendelea na kazi. Aliye juu anashushwa bondeni miezi sita, apende asipende. Na aliyeshushwa mara nyingi hakurudi, maana nafasi yake imeshakaliwa. Ndiyo maana tukiona namba kubwa tulikuwa tunasema, "Ah, damu ya mlima hiyo." Ukipumua kwa shida, mlima. Kichwa kikikuuma, mlima. Mguu ukivimba, mlima huohuo. Mlima ulibeba lawama zote na hakuna aliyepelekwa hospitali.

Kaka alikuwa fundi umeme. Alifariki asubuhi ya jua kali, kwenye ngazi zinazotoka mjini kwenda mgodini. Ngazi hizo ni mia moja na kumi na mbili, za saruji, na yeye alifika ya mia moja na tano. Walioona wanasema alikaa taratibu kama mtu anayetaka kufunga kamba za kiatu, akaweka mkono kifuani chini ya ziwa la kushoto, akakohoa mara mbili, basi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa anachechemea, akasema amejigonga. Nilimkuta amekaa ameegemea ukuta, macho wazi, simu yake inaita mfukoni. Aliyekuwa anapiga ni mkewe, kumkumbusha kwamba amesahau kofia.

Mimi ni mtu wa hasira, silifichi hilo. Kwenye mazishi nilimfuata daktari wetu, kijana mpole mwembamba, nikamzaba kibao mbele ya watu wote. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyesaini kwamba kaka ni mzima! Wiki tatu tu zimepita!" Alishika shavu lake, akatazama chini. Shemeji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, khanga imemfunika mpaka mdomoni, akatutazama, hakusema neno. Mwezi uliofuata daktari aliomba uhamisho akaenda zake. Miaka mitatu nilitembea kifua mbele kwa sababu ya kile kibao.

Baada ya msiba nilidhani shemeji atashuka kwa ndugu zake bondeni. Wapi. Alibaki kwenye nyumba ileile, chumba kilekile, viatu vya kaka mlangoni. Alikonda. Kicheko kikaisha. Watu waliendelea kumwita Mbu lakini kwa sauti ya chini, kama wanamwonea haya. Na akaanza jambo moja lililonitia wasiwasi. Mashine yake ikimaliza dakika tano haisimami ghafla, inapunguza mwendo taratibu na kutoa sauti, hhhh, hhhh, hhhh. Yeye alikuwa anasimama mbele yake, ameinamisha kichwa, anasikiliza mpaka inyamaze kabisa. Mtu amekaa na kidole chake kinachuruzika, hamwoni.

Nikamuuliza siku moja, "Shemeji, unasikiliza nini?"

"Kaka yako," akasema. "Anapanda ngazi."

"Shemeji bwana! Hiyo ni beringi imechoka. Mwambie fundi aipake grisi."

"Beringi haikohoi," akasema, akaendelea na kazi.

Nilicheka, lakini nilipotoka niliharakisha korido ile. Kwa nini niwafiche? Niliogopa. Tangu siku hiyo nikawa nampelekea kuni na mboga Jumapili, naishia mlangoni. Alikuwa amebaki yeye tu katika ndugu zangu wa kule juu, nami kwake hivyohivyo, lakini kukaa naye chumba kimoja kulinishinda.

Kazi yangu mimi ilikuwa winchi. Juu kabisa ya ngazi kuna kibanda cha bati, ndani yake mtambo unaovuta mabehewa ya mawe kwa waya mnene. Mtu wa winchi anakaa kwenye kigoda kwa muda wa saa nane, mkono kwenye breki, jicho kwenye waya. Haruhusiwi kuinuka waya ukiwa unatembea, na waya unatembea muda wote. Choo kiko chini, ngazi sitini kwenda, sitini kurudi. Kwa hiyo watu wa winchi tulikuwa na desturi yetu: hatunywi maji. Nilifundishwa hivyo na aliyenitangulia, na yeye alifundishwa na aliyemtangulia, na tulikuwa tunajisifu nayo. Kutoka asubuhi mpaka saa tisa, hata funda moja. Kile kikombe cha maji cha shemeji nilikuwa nakinywa huku namlaumu.

Basi, miaka mitatu baada ya kaka, ikafika zamu yangu ya kupimwa. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Wiki hiyohiyo walikuwa wanitangaze msimamizi wa winchi zote tatu, nilikuwa nimengoja nafasi hiyo miaka tisa. Nikaingia chumbani kwa shemeji nikijitahidi kutembea sawasawa. Kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kinaniuma siku nne, kimevimba, ngozi imekaza inawaka moto. Nilishajiambia ni misuli.

Alinitazama tangu mlangoni. "Mguu una nini?"

"Hamna kitu. Nimekaa vibaya."

"Siku ngapi?"

"Shemeji, choma kidole nikawahi kazi. Leo mabehewa yamejaa."

Akachoma. Damu ilitoka nyeusi, inasuasua, akalazimika kukikamua kidole. Akaweka mrija kwenye mashine. Dakika tano tulingoja, yeye amesimama, mimi nimekaa. Mashine ikaanza kupunguza mwendo. Hhhh, hhhh. Nikamwona anageuza uso, safari hii haitazami mashine, ananitazama mimi kifuani.

"Unapumua hivyo tangu lini?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mashine ilikuwa imeshanyamaza.

Akasoma kibao. Akakisogeza dirishani, akasoma tena. Akachukua mrija wa pili, akazungusha upya, dakika tano nyingine, akasoma. Nilijua ni mbaya, maana shemeji hasomi mara mbili.

"Sitini na nane," akasema.

"Damu ya mlima," nikasema. "Andika sitini na nne twende. Baada ya Ijumaa nitakuja unipime tena, nitakunywa pipa zima la maji, naapa."

Nilisema vile kwa utani nusu, kweli nusu. Sikujua nimesema nini. Uso wake ulibadilika, midomo ikawa mikavu, akakaa juu ya ndoo ya taka kama vile haoni kiti. Halafu akainuka, akanipandisha suruali bila kuniuliza, akabonyeza kigimbi. Niliruka.

"Unashuka bondeni leo. Sasa hivi. Nakwenda kumwita dereva."

"Sishuki."

"Shemeji, kuna bonge la damu kwenye mguu huo. Likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana unahema. Pengine kipande kimeshapanda."

"Ni mlima tu, kila mtu anahema huku! Ijumaa wananitangaza. Nikishuka leo, nafasi imekwenda, na wewe unajua."

"Kaka yako alisema hivyohivyo. Mlima tu."

"Usimtaje kaka!" Nilisimama. "Kaka aliuawa na yule daktari wako na saini yake. Asingesaini, kaka angekuwa hai."

Alifungua kabati la chini, akatoa daftari la miaka mitatu nyuma, akalifungua moja kwa moja kwenye ukurasa, bila kutafuta. Karatasi yake ilikuwa imelegea pembeni kwa kushikwashikwa. Akaweka kidole kwenye jina la kaka. Sitini na nne, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri.

"Haikuwa sitini na nne," akasema. "Ilikuwa sitini na sita. Daktari alisaini nilichoandika mimi."

Sikuelewa. Nilimtazama kama mtu anayeongea lugha ya mbali.

"Tulikaa miaka sita yeye huku, mimi bondeni," akasema. Alikuwa halii, anasema haraka tu, kama anayetapika. "Nikapata kazi hii, tukakaa pamoja miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja tu, shemeji. Sitini na sita, maana yake anashuka, mimi nabaki. Nikasema, namba mbili ni nini? Wiki ijayo nitampima kimyakimya, nitamnywesha maji, itashuka. Wiki ijayo kukawa na kazi nyingi. Iliyofuata akaanza kuchechemea, akaniambia amejigonga, nami nikataka kuamini amejigonga. Sikutaka kulala peke yangu tena. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine."

"Na ulinitazama nikimpiga daktari."

"Nilikutazama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nikamwambia neno ambalo sitalirudia hapa. Halafu nikasema, "Umemuua kaka yangu."

"Ndiyo," akasema. "Nimemuua. Sasa shuka. Ukifika chini nitukane mpaka ukauke koo, nitakuja unitukanie usoni. Lakini shuka."

Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nilimsukuma pembeni nikatoka. Sikuwa nawaza bonge wala mapafu, nilikuwa nawaza jinsi alivyokuwa anapokea mboga zangu kila Jumapili na kusema asante shemeji. Nikashika ngazi kwenda kazini. Kwa hasira. Hebu fikiria upumbavu huo.

Ngazi thelathini za kwanza hasira ilinibeba. Ya arobaini nikaanza kusikia mtu nyuma yangu anahema. Hhhh, hhhh, pumzi moja kwa kila ngazi. Nikajua ni shemeji ananifuata, nikaongeza mwendo nisimpe nafasi. Pumzi nazo zikaongeza mwendo. Kwenye ya sabini nikageuka nimfukuze. Hapakuwa na mtu. Jua limewaka, ngazi zimenyooka tupu mpaka chini, na chini kabisa naliona koti jeupe ndiyo kwanza linatoka mlangoni mwa zahanati.

Nikajisema, ni mimi mwenyewe ninayehema. Nikabana pumzi nihakikishe. Ile nyingine ikachelewa kidogo kunyamaza.

Nikapanda tena, maana kushuka kulikuwa ni kuelekea kwake. Mguu ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Kwenye ya mia na kitu, kisu kikaingia kifuani, upande wa kushoto. Kila nikivuta hewa kinazama zaidi. Nikakaa. Nikasikia kikohozi, mara mbili, karibu na sikio langu, na mpaka leo sijui kilitoka kwenye koo la nani. Mdomoni nikaonja damu. Nilipotazama, mkono wangu ulikuwa chini ya ziwa la kushoto, na ngazi niliyokaa ilikuwa ile ambayo wafanyakazi wote huwa tunairuka bila kuikanyaga.

Nilimwogopa kaka. Naona aibu kulisema, ndugu yangu wa tumbo moja, lakini nilimwogopa. Nilihisi amekaa bega kwa bega na mimi na ananisogezea nafasi.

Shemeji alifika na dereva na mlinzi, wamebeba kiti cha mapokezi. Alikuwa amepanda mbio kuwapita wanaume wote wawili. Wakanifunga kwenye kiti kwa shuka, wakanishusha mgongo mbele, ngazi kwa ngazi, naye anapiga kelele, "Msimtikise! Mguu huo msiuguse!" Pale zahanati, daktari mpya, mama mmoja wa makamo asiyepoteza maneno, alinidunga sindano ya tumboni ya kuzuia damu isizidi kuganda, akanivalisha barakoa ya oksijeni, akasema gari liondoke sasa hivi kama kweli wanataka nifike.

Njia ya kwenda bondeni ni saa nne za kona. Nililala nyuma ya gari, shemeji amepiga magoti pembeni, mkono mmoja kwenye mtungi wa oksijeni, mwingine kwenye shingo yangu. Alikuwa anahesabu pumzi zangu kwa sauti. Akifika ishirini anaanza upya. Mara kwa mara anaacha kuhesabu, anageuka kwenye kona ya gari, pale kwenye gurudumu la akiba, anasema kwa sauti ya mke anayemgombeza mumewe, "Mwache. Nimesema mwache. Huyu humchukui. Unanidai mimi, humdai yeye." Dereva aligeuza kioo chake asitazame nyuma. Mimi nilitazama. Sikuona kitu, ila gurudumu na blanketi. Tulipopita daraja la mwisho na hewa ikaanza kuwa nzito na ya joto, alinyamaza, akaegemeza kichwa kwenye mtungi, akalia kwa mara ya kwanza.

Hospitali ya bondeni walipiga picha wakaona mabonge mawili kwenye pafu la kushoto, na lingine refu kama kidole limebaki mguuni. Daktari wa pale alinieleza yaleyale ambayo shemeji alikuwa anawaeleza wageni miaka yote: damu nzito, mwili mkavu, mguu uliokaa saa nane kwenye baridi bila kunyooshwa. Akaniuliza nilikuwa nakunywa maji kiasi gani kazini. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Akasema wapo wanaoishi milimani mpaka uzee na damu yao haiwadhuru, lakini mimi sirudi tena. Sio kwa miezi sita, sirudi kabisa. Usimamizi wa winchi alipewa mwingine Ijumaa ileile.

Yule daktari niliyempiga nilimwandikia barua. Nilichana nne, ya tano nikaituma. Hajajibu, na sioni kwa nini ajibu.

Shemeji alikuja kuniona wiki ya tatu. Nilikuwa nimepanga maneno. Usiku na mchana nilikuwa nayapanga, makali kama wembe, mengine ya kusamehe, nabadilisha kila saa. Aliingia na begi la nguo zangu, amezikunja vizuri, akakaa kwenye kiti cha chuma, mikono kwenye mapaja. Amezeeka. Aliniambia amefuta mstari wa penseli kwa mkono wake, mbele ya meneja, na ameeleza yote, la kaka pia. Akapima watu wote upya. Kumi na tisa wenye namba za juu kabisa wameshushwa kwanza. Wengine wametema mate mlangoni kwake. Yeye hakufukuzwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayekubali kwenda kufanya kazi ile kule juu. Ila wamempa mtu wa kuhakiki kila anachoandika.

"Bado unamsikia?" nikamuuliza.

"Kila siku."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anapanda tu. Hajawahi kufika."

Kulikuwa na swali moja lililokuwa limenikaba tangu siku ile, nikaona nikilimeza tena litanitoa roho. "Kaka alijua?"

Akatikisa kichwa. "Aliniuliza, 'Vipi damu yangu, Mbu?' Nikamwambia, 'Safi kabisa.' Akafurahi. Akapiga mluzi korido yote."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea. Nilimpenda na nilimchukia, vyote pamoja, wala hakuna kilichompisha mwenzake. Huyu mwanamke alikuwa amenitoa mdomoni mwa kaburi. Bila yeye nisingekuwa na pumzi ya kumchukia nayo. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa, nikaishia kumuuliza amekula, akasema amekula.

Nesi akaingia, akaacha karatasi ya majibu ya asubuhi kwenye kijimeza, upande wa shemeji. Walikuwa wameshanitoa damu chupa mbili na kunijaza maji, na kila siku walikuwa wanapima imeshuka kiasi gani. Shemeji aliichukua ile karatasi kwa mazoea, kama alivyochukua maelfu ya karatasi, akaisoma, na uso wake ukalegea kwa nafuu.

"Hamsini na sita," akasema. "Shemeji, imeshuka. Hamsini na sita!"

Nikanyoosha mkono.

"Hebu nione," nikasema.

Alinitazama. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilibaki pale kidogo, halina pa kwenda. Halafu akanipa karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa hamsini na sita, kama alivyosema. Nilijua ananiangalia nikisoma, na nilisoma yote, namba, tarehe, mpaka sahihi ya aliyepima, kabla sijainua macho.